Maranda ya Baba na Njia ya Mama

Mkangazi ukipasuliwa asubuhi ya mvua hutoa harufu ambayo sijaipata kwa mti mwingine. Ina utamu wa mbali, ina ukali kidogo wa pilipili manga, na ikikutana na ukungu wa Tukuyu haipandi juu wala haiendi popote, inabaki pale pale chini ikikungoja. Hadi leo nikipita mbele ya karakana ya seremala, hata kama ni Dodoma kwenye jua kali, miguu yangu husimama yenyewe. Mafundi wengi hudhani nimekuja kuulizia kitanda. Mimi wala sitazami vitanda. Natazama upepo unatoka wapi, mashine imeelekea wapi, maranda yanamwagwa wapi, na kama kuna mtoto anacheza karibu. Siku moja nilimwambia fundi mmoja, bila kuulizwa, kwamba mashine yake imekaa vibaya na aigeuze. Akaniuliza kama mume wangu ni seremala. Nikamjibu kwamba seremala alikuwa baba yangu, na kwamba kosa hilo sisi tulilifanya kabla yake.

Nyumba yetu ilikuwa Bagamoyo, ile ya Tukuyu, pembeni kabisa, pale maduka yanapokwisha na migomba inapoanza. Mbele ilipita barabara ya vumbi, ambayo kwa kweli ilikuwa barabara ya tope, maana kwetu mvua hunyesha, ikapumzika kidogo, ikaendelea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la mianzi lililokandikwa udongo, nyuma ya jiko zizi la ng'ombe mmoja, na baada ya zizi migomba yetu yote hadi mtoni. Kila siku, ukungu ukishaondoka, upepo wa ziwani uliingilia mbele, ukapita kwenye nyumba, ukatokea jikoni, ukaenda kutikisa migomba. Nilikuwa na miaka kumi. Jina langu ni Tusekile, nyumbani waliniita Tuse. Mdogo wangu wa kike, Atupele, alikuwa na miaka minne, na kwa sababu hiyo alikuwa na haki ya kila kitu.

Babu, baba yake Baba, aliishi ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi alikuja kwetu kufanya kazi. Alikuwa seremala wa randa na msumeno wa mkono, na ndiye aliyemfundisha Baba. Lakini hakuvuka barabara kimya kimya. Akifika ukingoni alikohoa mara mbili, kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Mama akikisikia, aliacha alichokuwa akifanya mbele ya nyumba, hata kama ni kuanika nguo, akapotelea nyuma. Kwetu Wanyakyusa hilo huitwa kutila. Mke haonani na baba mkwe wake, hawapishani njiani, hawaketi mahali pamoja, hawasemezani. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na wenyewe huiona nzito kuliko sisi tunavyoweza kueleza. Watu wa makanisa walikwisha kulilegeza jambo hilo, na walimu na wauguzi waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine walilishangaa. Lakini Mama alilelewa Suma na bibi aliyelishika, naye akalishika. Kwa miaka yote ya ndoa yake alimpikia Babu chakula cha mchana na hakuwahi kumwona akikila. Mimi ndiye niliyepeleka sahani na kurudisha sahani.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, watu waliporuhusiwa kufanya biashara zao. Kabla yake, nakumbuka, Baba alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha mbao cha umma huko Mbeya, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na Babu peke yake ndiye aliyekuwa akirandia barazani. Watu wakati huo waliagiza madawati, milango na majeneza. Kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao, na Baba akarudi na mashine moja kuukuu ya kuranda na kupasua, juu ya lori, imefungwa kwa kamba. Tukaona mwisho wa dunia umefika. Kumbe ndiyo kwanza kazi inaanza, kwa sababu ghafla kila mtu Tukuyu alitaka kufungua duka. Aliyefungua duka alitaka kaunta, na rafu, na dirisha la kufunga kwa komeo. Mwenye mgahawa alitaka meza sita. Waliosikia kwamba televisheni inakuja walitaka kabati lake kabla hawajaiona yenyewe. Mashine ile ililia kuanzia asubuhi hadi jioni, na Baba, aliyerudi kutoka Mbeya mabega yamemshuka, alianza tena kupiga mluzi.

Karakana aliijenga mbele, mahali pa baraza la zamani. Sikumbuki kama kulikuwa na mjadala wowote. Babu angefanya kazi hapo pamoja naye, kwa hiyo isingeweza kuwa nyuma, kwa sababu nyuma kulikuwa kwa Mama: jiko, ng'ombe, bomba la maji, njia ya kwenda migombani. Mbele ni kwa Babu, nyuma ni kwa Mama, na nyumba katikati inatunza heshima. Kila mzee aliyepita barabarani aliona karakana ile akasema Baba amejenga kwa adabu. Hakuna aliyesema neno kuhusu upepo.

Na upepo ulikuwa unatoka mbele. Randa ya mkono hutoa maranda mapana, yanayojikunja, ambayo huanguka miguuni pa fundi na mtoto huweza kuyavaa mkononi akajifanya bibi harusi. Mashine ilitoa kitu kingine. Ilitoa maranda, ndiyo, lakini ilitoa pia unga laini kuliko wa sembe, na unga huo ulipanda upepo, ukaingia sebuleni, ukapita ukumbini, ukatokea jikoni kwa Mama. Alikuwa na desturi ya kuweka beseni la maji mlangoni mwa jiko, la kunawia mikono. Kabla ndizi hazijaiva, maji yale yalikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Tulikula mkangazi, tulikula mninga, siku za kazi ya mgahawa tulikula msaiprasi. Mimi niliona ni jambo la kujivunia. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba naweza kutambua mbao kwa ladha, na haikuwa uongo mkubwa.

Maranda yenyewe tuliyatupa migombani. Hiyo nayo ni tabia yetu. Kwa Mnyakyusa hakuna takataka, kuna chakula cha mgomba. Majivu, maganda, samadi, maji ya vyombo, vyote huishia kwenye shina, na mgomba hushukuru. Basi kila jioni tulibeba matenga ya maranda mabichi tukayarundika kuzunguka mashina, tukifikiri tunaitendea wema. Baada ya miezi michache majani yakaanza kugeuka manjano kuanzia kingo, mikungu ikatoka midogo, na chungu ya maranda ikiloa mvua ilitoa harufu ya siki. Mama aliitazama migomba yake akanyamaza. Kunyamaza kwa Mama kulikuwa na ngazi zake, na hiyo ilikuwa ngazi ya juu.

Katika nyumba yetu kukawa na vikohozi viwili. Kimoja cha Babu, cha barabarani, ambacho kilikuwa hodi. Cha pili kilikuwa cha Atupele. Kilianza kama mafua yasiyokwisha, kisha kikapata mlio kifuani, mlio mwembamba wa filimbi ambao niliusikia kwa kuwa tulilala kitanda kimoja. Mara mbili walimkimbiza hospitali. Mara ya pili daktari alimwambia Baba waziwazi kwamba kifua cha mtoto huyu hakitaki vumbi lile, na kwamba akiendelea kulivuta, ipo siku watachelewa kumfikisha. Baba alirudi akafanya kile ambacho fundi hufanya, akapigilia. Aliziba madirisha ya karakana kwa mbao, akatundika magunia mlangoni, akaziba nyufa za dari na hata vichochoro vya kando ya nyumba. Vumbi likajaa ndani mpaka yeye na Babu walitoka mchana wakiwa weupe kope, na kila mlango ulipofunguliwa likatoka lote kwa pamoja, likafuata njia yake ile ile ya jikoni.

Ndipo ikaamuliwa kwamba Atupele aende Suma kwa bibi mzaa Mama, akakae huko. Hawakusema hadi lini. Angeondoka Jumatatu na gari la kwanza. Nitakiri jambo ambalo sijawahi kulisema nyumbani: siku ya kwanza nilifurahi. Kule Suma kulikuwa na maziwa ya mgando na binamu wengi, na mimi ningepata kitanda kizima. Siku ya pili niliona Mama anakunja nguo za Atupele, anaziweka kwenye mfuko, anazitoa, anazikunja upya. Niliuliza kwa nini mashine isiondoke badala ya mtoto. Mama akajibu kwamba mashine ndiyo inayotulisha. Nikauliza kwa nini isihamie nyuma, ambako upepo ungepeleka vumbi migombani. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini jua lisihame. "Na babu yako akae wapi, Tuse?" alisema. "Nami nipite wapi?" Hapo furaha yangu ya kitanda ilikwisha yote.

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, nilikuwa natoka bombani na ndoo kichwani. Mashine ilikuwa inalia. Nikamwona Mama anatoka jikoni mbio, Atupele mikononi, midomo ya mtoto imebadilika rangi na shingo yake imeingia ndani kila alipovuta pumzi. Mama alikuwa anaita, "Baba Tuse, Baba Tuse," lakini sauti ya mtu haishindani na mashine ile. Njia ya barabarani, na ya hospitali, ilipita katikati ya karakana, kwa kuwa Baba alikuwa ameziba kila mahali pengine. Nilitupa ndoo nikamfuata. Mama alifika kwenye lile gunia la mlangoni, na nikaona miguu yake inasita. Nusu ya pumzi, si zaidi. Kisha akalisukuma gunia kwa bega akaingia, akasimama uso kwa uso na Babu.

Sikuwahi kuona watu wazima wawili wakiogopana namna ile. Baba alikuwa ametupa mgongo, anasukuma ubao, hajui lolote. Babu alimtazama Mama, akamtazama mtoto. Hakugeuka, hakutoka. Alivua koti lake akajifunika kichwa chote, kisha akiwa ndani ya koti lile akaanza kupapasa ukutani, hatua kwa hatua, akitafuta swichi ya mashine. Mzee ambaye tangu mashine iingie alikataa hata kuiegemea, akisema ni mnyama wa Baba, aliipapasa mpaka akaipata, akaizima. Ukimya uliingia ghafla. Baba akageuka kukaripia, akaona mke wake, akaona mtoto, akaona baba yake amesimama na koti kichwani. Sauti ikatoka ndani ya koti, kwa Kinyakyusa, taratibu kabisa: "Mpeleke mtoto. Mimi sioni mtu hapa."

Gari dogo la kubebea chai lilikuwa linapita, likatuchukua. Hospitali walimchoma Atupele sindano mshipani, polepole, na kumpa hewa ya mtungi, na kufikia alasiri alikuwa ameketi kitandani anadai mandazi. Niliposikia ameomba mandazi nilikwenda nyuma ya wodi nikalia, maana ndipo nilipojua kwamba amebaki nasi. Mama hakulia. Mama alikuwa na mzigo mwingine. Jumapili alinituma kwa Babu na kuku jike, mwenye mayai, wa kuomba radhi kwa kuonana naye, bila maneno yoyote. Babu alimpokea kuku, akampapasa kifua, akanirudishia. "Mwambie mama yako kuku huyu ni wa supu ya mtoto," alisema. "Na mwambie nakuja kesho, nitasimama nyuma ya jiko, awe ndani. Nina maneno."

Jumatatu ile, Baba akiwa hospitali na Atupele, badala ya gari la Suma tukapata kikao ambacho sijaona mfano wake. Babu alisimama nje ya ukuta wa jiko, akakohoa mara mbili. Mama alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda. Ukuta wa udongo ulikuwa na nyufa ambazo kuku angeweza kuchungulia, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa. Lakini hawakusemezana. Walinisemesha mimi, nami nilisimama mlangoni nikayarudia yote kwa sauti, kwa heshima, kama mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Tuse, mwana gwangu, mwambie mama yako karakana imekosea mahali."

"Mama, Babu anasema karakana imekosea mahali."

"Mwambie babu yako nimesikia," Mama alisema, nikadhani ndiyo basi. Akaendelea kwa sauti ya chini, "Mwambie mimi nikipepeta mpunga wa Kyela, sisimami upande unaopokea makapi. Nasimama upepo ukiwa mgongoni, makapi yaende mbele, mbali na mchele na mbali na watoto. Mwambie mashine inapepeta."

Niliyarudia. Upande wa Babu nikasikia anakuna kidevu. "Mwambie mama yako," alisema mwishowe, "miaka yote hii nimekula chakula chake sikujua kama anajua useremala." Ndani ya jiko nikamsikia Mama anacheka, akajiziba mdomo kwa khanga. Halafu Babu akasema maneno yaliyobadilisha nyumba yetu. Karakana ihamie nyuma, kupita zizi, mwanzo wa migomba. Yeye ataingilia upande wa uzio wa Mwalimu, jirani yetu, wala hatapita jikoni. Na Mama atajengewa njia yake mwenyewe, ya kwenda bombani na migombani, nyuma ya ukuta wa mianzi iliyosukwa, mrefu kuliko mtu. Ukuta huo ataujenga yeye Babu kwa mikono yake. "Heshima ni yetu," alisema, "tunaweza kuijengea njia. Mtoto hatuwezi kumjengea kifua."

Atupele alipotoka hospitali alipelekwa Suma kweli, lakini safari hii kwa wiki chache tu, hadi kazi iishe, na mfuko wa nguo ulikuwa mdogo. Nyumbani mianzi ilianza kushuka kutoka mlimani. Babu alisuka, Baba akavunja karakana ya mbele ubao kwa ubao, akaisimamisha nyuma, wazi upande wa migomba. Kwenye mdomo wa mashine, ambako maranda yalirushwa kwa nguvu, fundi bati alituundia bomba pana kwa madebe ya mafuta ya kula, likatoboa ukuta likaingia kwenye kichumba kidogo kisicho na dirisha. Mashine ingeyarusha maranda humo yenyewe, bila kuombwa. Kuta za kichumba Baba alizifanya kwa viroba vya plastiki, akajisifu kwamba hata moshi hautatoka. Siku ya kwanza kuijaribu, hewa ilipokosa pa kutokea, kichumba kilivimba mbele ya macho yetu, kikapasuka, maranda yakamwagikia Baba na ng'ombe pia. Ng'ombe alikasirika kuliko Baba. Babu alitazama viroba vilivyochanika, akaenda kwake, akarudi na magunia ya katani ya kahawa. Gunia huacha hewa ipite na kushika vumbi, kama kitambaa cha kuchujia chai. Kichumba kikapumua, na vumbi likabaki ndani.

Siku Atupele aliporudi, Mama hakukubali maneno ya mtu. Aliosha beseni, akalijaza maji safi, akaliweka mlangoni mwa jiko pale pale pa zamani, akaniambia nimwambie Baba awashe mashine, apasue mkangazi, si mti mwingine. Atupele alikuwa amekaa mgongoni kwake, amefungwa khanga, mkubwa kupita kiasi kwa kubebwa, lakini hakuna aliyethubutu kusema. Ndizi ziliwekwa motoni. Mashine ililia. Upepo ulipita kwenye nyumba, ukapita jikoni, ukaenda zake na kila kilichokuwa chake. Tulingoja hadi ndizi zikaiva, na Baba alipasua mbao nyingi kuliko zilizohitajika siku hiyo. Mama akainama juu ya beseni. Maji yalikuwa safi, bila utando, nami nilipoinama pembeni yake niliona nyuso tatu ndani, yake, yangu, na ya Atupele begani akituonyesha ulimi. Mama aliketi chini kwenye udongo, mtoto mgongoni, akasema "ndaga" mara nyingi, polepole. Sijui alikuwa anamshukuru Mungu au ukuta wa mianzi, ambao nyuma yake Babu alikuwa amesimama muda wote, kimya, anangoja matokeo. Nilikwenda kumwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusimama kidogo, kisha akarudi kwenye randa yake.

Maranda nayo yalipata pa kwenda. Mwalimu jirani yetu, mama wa Singida, alikuwa ameanzisha mradi wa kuku wa mayai kama walimu wote wa wakati ule, na banda lake lilikuwa tope tupu. Akaanza kuchukua maranda mapana ya kutandika chini ya kuku, na baada ya miezi alituletea yakiwa yamechanganyika na kinyesi, yamelala, yameiva, meusi. Hayo ndiyo tuliyaweka migombani, na majani yakarudi kijani. Mwalimu alitueleza kwamba maranda mabichi yanaiibia ardhi chakula kabla ya kuirudishia. Babu alisema basi yana tabia ya wajukuu. Ule unga mwembamba tuliushindilia kwenye debe, katikati tukiweka mti ambao ukichomolewa huacha tundu la moto, likawa jiko linalowaka taratibu tangu asubuhi hadi mchana bila kupulizwa. Na kabla ya kufagia karakana ilikuwa lazima kunyunyiza maji kwanza. Hiyo ikawa kazi yangu, nami niliifanya kwa ukali, nikimfokea hata Baba akigusa ufagio sakafu ikiwa kavu.

Mlio wa filimbi kifuani mwa Atupele haukuisha siku moja. Ulipungua, ukawa wa siku za baridi kali tu, kisha ukawa wa kukumbukwa. Kwa muda mrefu niliendelea kuegesha sikio mgongoni kwake kabla ya kulala, naye akinipiga kiwiko.

Leo Babu hayupo, na Baba hukaa juani akikosoa kazi za wengine. Karakana ni ya Atupele. Ndiye aliyeitaka, na baada ya mabishano ya kutosha akapewa. Ana mafundi wanne na mashine ya kufyonza vumbi yenye mpira mnene na mfuko mkubwa wa kitambaa, inayofanya kwa umeme kile ambacho magunia ya kahawa yalifanya bure, na vijana wake huvaa barakoa la sivyo wanarudishwa nyumbani. Baba mkwe wake akija kutembea huketi naye benchi moja, wanakula sahani moja na kubishana kuhusu mpira. Mama huwatazama kutoka mbali akitikisa kichwa, lakini nadhani hutabasamu. Sioni ubaya katika mambo yao. Wakati mwingine tu hunijia kwamba wao hawajawahi kuhitaji kumjengea mwenzao njia.

Likizo iliyopita nilimsindikiza Mama migombani. Ule ukuta wa mianzi ulioza zamani, hata mashimo ya nguzo yamefukiwa, na kutoka jikoni hadi migombani unaweza kwenda moja kwa moja, mbele ya karakana, hatua chache. Mama hakwenda moja kwa moja. Alipinda kushoto, akazunguka kwa nyuma, akifuata mstari ambao majani yamekataa kuota kwa jinsi ulivyokanyagwa. Magoti yanamsumbua siku hizi na mzunguko ule ni mrefu kwake. Nikamwambia, "Mama, ukuta haupo, Babu hayupo, pita hapa karibu." Akasimama akanishika mkono. "Najua hayupo," alisema. "Njia hii ndiyo iliyomrudisha mdogo wako. Siwezi kuiacha iote majani." Wakati huo huo, upande wa pili, Atupele alimkamata kijana anafagia sakafu kavu. Akaanza kumsema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, maneno marefu yaliyofuatana bila kituo, bila kukohoa, bila kuvuta pumzi. Mama hakuondoka, nami sikuondoka. Tulisimama kwenye njia ile tukamsikiliza mpaka akamaliza.